Fungate Yetu Nyikani

Kwetu mji wa kale wa Malindi, bibi harusi hatoki nje kabla fungate haijaisha. Siku saba anakaa chumbani na mumewe, analishwa, anafukizwa udi, anasingwa liwa, na kazi yake kubwa ni kuuzoea uso wa mtu ambaye pengine juzi hakuwa akimjua. Mimi fungate yangu niliimalizia ndani ya hema, ng'ambo ya Mto Sabaki, hina bado imekoza mikononi, nikiwapikia chai Wazungu wawili waliosafiri kutoka kwao ili kutazama ndege. Si kuwala. Kuwatazama. Hadi leo nikisimulia, wako mashoga zangu wanaoshika midomo.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka wa ukame. Mume niliyeozwa alikuwa kijana wa Takaungu, baba yake na baba yangu wametoka kwa babu mmoja. Nilimwona mara mbili tatu tukiwa watoto, basi. Alikuwa mtanashati, mrefu, mpole wa maneno, dereva na mwongozaji wa kampuni moja ndogo iliyokuwa ikiwapeleka wageni kupiga kambi barani. Wasichana wa mtaani walinionea kijicho, na mimi sikuwazuia.

Siku ya tatu ya fungate, tajiri yake akaja kupiga hodi. Wako wageni wameshuka, mzee na mkewe, waliowahi kuzunguka na mume wangu mwaka uliopita, na hawataki kwenda na mtu mwingine. Baba akatikisa kichwa, akasema kazi ni kazi. Nikadhani mama atamfukuza yule mtu kwa ufagio. Mama, mwanamke aliyekuwa haniachi niende hata dukani bila ruhusa, akasema, "Basi aende na mkewe. Huko kambini wapishi si watatakiwa?"

Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kila neno. Bibi harusi wa siku tatu, kwenye Land Rover, msituni! Lakini kabla sijapata pa kulilia, somo wangu alikuwa ameshaanza kufunga mzigo. Huyu ndiye mwanamke aliyenifunda mambo ya unyumba, rafiki ya mama tangu utoto wao, mtafunaji tambuu asiyechoka, mwenye ulimi wa kunyoa ndevu. Kwa desturi somo hawaachi maharusi mpaka fungate ikatike. "Fungate si nyumba," akaniambia, akikunja leso zake. "Fungate ni watu wawili na somo wao. Mkienda kuzimu, nami nipo."

Basi tukatoka asubuhi, mbele tumekaa watatu: mume wangu kwenye usukani, mimi katikati ndani ya buibui langu, somo dirishani na kikopo chake cha kutemea. Nyuma walikaa wale wageni na darubini zao. Madirisha ya mtaa mzima yalikuwa na vichwa. Sikuwahi kuona aibu kama ile, nikajifunika mpaka tukavuka daraja la Sabaki.

Mimi nilizaliwa na bahari masikioni. Sikujua kwamba ukiipa bahari kisogo kwa muda mfupi tu unaingia katika nchi ya namna ile. Udongo mwekundu, miti ya miiba haina hata jani, vichuguu virefu kuliko mtu, mito iliyobaki mchanga mtupu. Wageni waliita jangwa, na mimi sikuwa na sababu ya kubishana nao. Vumbi liliingia kwenye pua, kwenye mkate, kwenye hina yangu. Somo akatema dirishani, akasema mwenye kumtaka Mungu aje huku, maana hapana mwingine wa kuzungumza naye.

Kambi ilipigwa chini ya miti mikubwa karibu na mto, na kesho yake ndipo nilipouona wazimu wenyewe. Waliamka kabla ya jua, wakatembea kimya kimya, mume wangu mbele. Tandawala, ndege mkubwa wa shingo ndefu, alipita kwa madaha kama bwana mkubwa aliyedondosha pete. Kanga wenye vifua vya buluu wakakimbia kundi zima, na mimi nikafikiria mchuzi. Hayo niliyaelewa, ni ndege wa kutazamika. Lakini asubuhi nzima ikapotea kwa kijindege kimoja cha rangi ya vumbi, si kikubwa kuliko kidole gumba, na mama wa Kizungu alipokiona hatimaye akalia machozi. Wallahi alilia. Kwetu mtu hulia hivyo akiiona Makka.

Aliyekiona kwanza ni mume wangu. Alikuwa akisikiliza, halafu anainua darubini, halafu anasema, "Pale," na pale ndipo panapokuwa. Mzee wa Kizungu aligeuka kwangu na Kiswahili chake cha vitabuni, akasema, "Bwana wako, macho yake ni macho ya mwewe." Nikainama kwa haya, lakini moyoni sikuwa na raha.

Sababu mume wangu hakunitaka. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nikimletea chai, nasimama ubavuni pake na kikombe, mkono wake hauji. Nasimama kama mwombaji. Mpaka nikohoe, ndipo anashtuka na kugeuka na tabasamu. Nikimpa mkono kushuka garini, anaupita mkono wangu. Alitembea kambini polepole, shingo imenyooka, kama ardhi yote ile ni mayai na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuyakanyaga. Akaikanyaga sahani ya mahamri ya somo, iliyowekwa mchana kweupe juu ya mkeka. Somo, aliyewahi kugombana na mtu mwezi mzima kwa sababu ya kijiko, alisema "Bismillahi" tu, akaokota mahamri moja moja. Na kila siku jua likianza kushuka, mume wangu husema amechoka, huingia hemani, akaniachia mimi wageni na taa.

Nikasema moyoni: kiburi. Nimeolewa na sanamu.

Na nilijua la kufanya. Kwetu siku fungate inapokatika, wazee hukaa ukumbini na somo huulizwa mbele yao kama lipo neno. Akisema hakuna, ndoa imetulia, na matatizo yako kuanzia hapo ni yako. Akisema lipo, wazee husikiliza, na wako waliorudi kwao siku hiyo hiyo bila kulaumiwa na mtu. Mimi neno langu nilikuwa ninalo tayari. Nilikuwa nikilichekecha mchana kutwa juu ya sufuria ya wali, nikichagua maneno ambayo hayatamtia baba aibu sana.

Siku ya kurudi nyuma kuelekea Malindi, tulipitia Nyari, kule Marafa, mahali ambapo ardhi imemeguka ikawa shimo kubwa lenye kuta nyekundu, nyeupe, na rangi ya waridi, na vilima vilivyochongoka kama minara chini kwenye kina. Watu wa kule husema palikuwa na mji wa matajiri walioogea maziwa, Mungu akawadidimiza. Niliposimama ukingoni niliamini kila neno. Sikujua kwamba dunia inaweza kufunguka hivyo, nyuma tu ya mashamba ya mihogo ya watu.

Mume wangu alitaka tuondoke mapema. Wageni wakakataa, wanataka kuliona jua likitua juu ya zile kuta. Akawaonyesha keremkerem, ndege wala nyuki, wanaoingia na kutoka kwenye matundu ya ukuta, wekundu juu ya wekundu, na mzee wa Kizungu akawa anacheka peke yake kwa furaha. Ikawa hivyo mpaka jua likagusa miti. Kuta zote zikawaka, kisha zikazimika kwa pamoja.

Mume wangu akashusha darubini. Akageuka kurudi garini. Gari lilikuwa kulia. Yeye akageuka kushoto, akaanza kutembea kwa ule mwendo wake wa madaha, shingo imenyooka, akielekea shimoni.

Kwanza nilidhani anafanya mzaha. Kisha nikaona hapunguzi mwendo. Nilimrukia, nikamkamata shati kwa mikono yote miwili, kifungo kikang'oka, tukaanguka pamoja juu ya changarawe, na vijiwe vilivyosukumwa na kiatu chake nikavisikia vikishuka, vikishuka, kwa muda mrefu. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa wazi. Yalinitazama na hayakuniona.

"Usipige kelele," akaninong'oneza. "Nakuomba. Wageni."

Sikupiga kelele. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka garini, na wageni waliogeuka wakaona maharusi wameshikana mikono, wakatabasamu, wakageuka tena. Tulikaa kwenye viti vya mbele, somo yuko mbali akitandika mkeka wa kusali.

"Wewe ni kipofu," nikasema.

"Si kipofu. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilicho mbele ya bomba nakiona sawasawa, hata kijindege. Cha pembeni sikioni. Na jua likitua, bomba linazibwa."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Lakini lilikuwa pana zaidi."

Hapo mambo yote yakaniingia kwa mpigo: kikombe cha chai, sahani, mkono wangu uliobaki hewani usiku wa harusi, aliponipa kipa mkono, ile zawadi ya bwana harusi, na mimi nikautoa mkono ubavuni pake, naye akangoja, akangoja, mpaka somo akausogeza mbele. Nililia siku ile kwa kudhani amenichukia.

"Na uso wangu je? Umeuona?"

"Nimeuona," akasema. "Kidogo kidogo. Nauanza kwenye paji, nashuka jichoni, puani. Nikifika kidevuni, narudi juu naanza tena."

Nilikasirika kwa namna neno lile lilivyonilainisha. Nikamuuliza kwa ukali, "Na gari?"

"Njia hizi nazijua zote."

"Mbuzi nao unawajua wote?"

Aliniomba nisiseme, kazi ndiyo hiyo tu aliyo nayo, na mtu gani atamwajiri mwongozaji wa aina yake. Sikumpa ahadi yoyote. Tulilala kambi ya pale pale Marafa, na mimi sikufumba jicho. Nilikuwa na neno jipya sasa, zito kuliko lile la kwanza, na fungate ilikuwa inakatika kesho.

Kesho yake tulichelewa kuondoka kwa ajili ya ndege, kama kawaida, na alasiri tairi likapasuka katikati ya njia. Mume wangu na mzee wa Kizungu wakainama kwenye gurudumu. Mimi nikamvuta somo mpaka kwenye kivuli chembamba cha mti wa miiba.

"Somo, mume wangu haoni."

Somo akaigeuza tambuu yake shavu la pili. "Haoni pembeni," akanisahihisha.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. "Ulijua?"

"Mimi na mama yako twajua. Wafikiri nilikuja huku kula vumbi? Mama yako ndiye aliyemchagua."

"Mama! Mama amenioza kwa mtu..."

"Shusha sauti. Hebu niambie, babako umemwona lini akenda msikitini sala ya isha?"

Baba alisali isha nyumbani. Baba hakuwa mtu wa kutoka usiku. Tangu nina miaka sita au saba, mama alikuwa akinituma kumchukua barazani kabla ya maghribi, naye akiweka kiganja chake begani mwangu tukarudi polepole, mimi namwambia hapa pana ngazi baba, hapa wamemwaga maji, na watu wakisema tazameni mtu anavyompenda bintiye. Nami nilisema hivyo hivyo. Nilijivunia kiganja kile.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema somo. "Mama yako aliijua ndani ya fungate yake. Alinijia akilia, kisha akapangusa machozi akarudi ndani, na hakusema tena. Ni damu ya ukoo wa kina babako, huwashika wanaume. Akasema, nitamwoza binti yangu mtu asiyemjua, ampige, amletee wake wenza? Huyu hapa ni mpole, na kazi yenyewe mtoto ameshaizoea tangu mdogo." Akacheka kidogo. "Tena mume asiyetoka baada ya maghribi! Wangapi mjini wanamwomba Mungu mume wa hivyo?"

Sikucheka. "Na wanangu mimi?"

Somo aliacha kutafuna. "Hilo mwanangu ni la Mungu," akasema, akaenda kuangalia tairi.

Sina hakika nilimchukia nani zaidi saa ile. Mama, kwa kunifunza kazi bila kuniambia ni kazi. Baba, kwa kiganja chake. Nilipanda gari na hasira zangu. Lakini jua lilikuwa linashuka na mtu wa usukani alikuwa mume wangu.

"Muombe mzee aendeshe," nikamnong'oneza.

"Nikimuomba nimekwisha."

Basi nikawa macho yake. Kulia kidogo. Mbuzi. Mama na kuni, kushoto kwako. Polepole. Shimo. Nilisema bila kupumzika, mkono juu ya goti lake, na nyuma nilimsikia mama wa Kizungu akimwambia mumewe kitu huku akicheka. Mzee akatutafsiria: mkewe anasema maharusi hawa ni wazuri, hawaishiwi na mazungumzo.

Karibu na daraja la Sabaki giza lilikuwa limeanza kushika. Nikageuka, mara moja tu, kumpokea somo kikopo. Niliposikia kishindo na sauti ya mtu, nikainua macho nikaona baiskeli imelala kando ya njia, magunia ya makaa yamepasuka, na mzee mmoja ameketi chini kwenye majani akitutukana kwa nguvu zake zote. Alikuwa mzima. Aliruka mwenyewe. Kama asingeruka, tungempitia juu.

Mume wangu alikuwa amesimamisha gari. Akageuza kichwa huku na huku.

"Nini hicho?" akaniuliza.

Swali lile lilinishtua kuliko shimo la Nyari. Tulishuka, tukamuomba mzee radhi, tukamkusanyia makaa. Mikono yangu ikawa na rangi moja na buibui langu. Kutoka hapo mpaka mjini sikutoa macho barabarani, na sikusema neno lisilokuwa la njia.

Tuliwashusha wageni hotelini kwao, tukaja kuegesha karibu na nyumbani. Aliposhuka akaniachia ufunguo wa gari ili apate mkono wa kunishika. Nikampeleka mlangoni, hapa pana ngazi, hapa pana mtungi.

Wazee walikuwa wameshakaa ukumbini wanatungoja. Baba kwenye kiti chake, ami zangu wawili kwenye mkeka, mama amesimama mlangoni pa ndani na dele la kahawa. Taa ilikuwa juu ya meza ndogo. Tukatoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba, na ami mkubwa akamgeukia somo bila kupoteza wakati.

"Haya. Lipo neno?"

"Alhamdulillahi, hakuna ne—"

"Lipo," nikasema.

Somo alinigeukia. Nikapita mbele, nikauweka ufunguo wa gari kwenye sinia, katikati ya vikombe vya kahawa.

"Mume wangu haoni pembeni, na usiku haoni kabisa. Huyo nimemkubali. Nimemkubali kwa hiari yangu, na nitamshika mkono. Lakini gari sikulikubali. Leo nusura aue mtu na hakumwona. Hataliendesha tena."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atanipa talaka pale pale. Akasema, "Ni kweli asemayo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Gari hakuligusa tena. Kampuni ilimtafutia dereva, naye akabaki na darubini yake mbele. Lakini hayo ni ya baadaye.

"Mambo ya chumbani hayasemwi ukumbini," akasema ami mkubwa.

"Mficha uchi hazai, ami. Na mnafichana nini? Si baba naye ni hivyo hivyo? Si mama amejua tangu fungate yake?"

Nilisema hivyo kwa hasira tu. Sikudhani nasema jambo jipya. Nilidhani ni kitu walichokuwa nacho wawili wao miaka yote, kama watu wanavyokuwa na chumba cha ndani.

Baba aliinua uso. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukivuliwa nguo vile. Akageuza kichwa kumtafuta mama kule mlangoni, akatazama palepale alipokuwa amesimama mwanzo, na mama hakuwa pale tena. Mama alikuwa ameshamfikia ubavuni.

"Ulijua?" baba akauliza ule mlango mtupu.

Mama akauchukua mkono wake, akaufungua vidole, akauwekea kikombe ndani, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila jioni tangu nizaliwe.

"Kunywa," akasema. "Itapoa."